Amana ya protini saba: uchambuzi wa kisa cha benki ya data iliyopata wateja

Oktoba 1971 jarida la Nature New Biology lilichapa tangazo fupi lisilo na mbwembwe. Maabara ya Taifa ya Brookhaven katika jimbo la New York, na kituo cha data za fuwele cha Cambridge nchini Uingereza, vilikuwa tayari kupokea, kutunza na kugawa maumbo ya protini yaliyopimwa atomu kwa atomu. Akiba ya siku hiyo ilikuwa maumbo saba. Januari 2023 akiba hiyohiyo, inayojulikana kama Protein Data Bank au kwa kifupi PDB, ilipita maumbo 200,000. Oktoba 2024 Tuzo ya Nobel ya kemia ilitolewa kwa kazi ambayo sehemu yake kubwa isingefanyika kama akiba hiyo isingekuwepo.

Kila watu wa maabara wanapohimizwa watunze data zao ili wengine wazipate na wazitumie, PDB hutajwa. Kwa maoni yangu hutajwa vibaya. Husimuliwa mwanzo wake mnyonge na mwisho wake wa kifahari, halafu msikilizaji huachwa aamini kwamba katikati palikuwa na tovuti nzuri. Katikati palikuwa na ugomvi. Watafiti walibishana kwa miongo kadhaa juu ya nani amsubiri nani, na juu ya kipi hasa kinatakiwa kukabidhiwa. Maafikiano yaliyotokana na ugomvi huo ndiyo yaliyofanya data hizi zitumike, na ndiyo ninayotaka kuyachambua.

Rundo la kadi kwenye droo

Kwanza tukifahamu kitu chenyewe. Protini ni mnyororo uliojikunja, aghalabu wenye maelfu ya atomu, na kazi yake hutegemea ulivyojikunja. Ili kuliona umbo hilo, mtafiti huotesha fuwele za protini, huzipiga miale ya eksirei, na hupata picha zilizojaa madoa. Hupima nguvu ya kila doa, hupiga hesabu ndefu, hupata ramani inayoonyesha elektroni zimejazana wapi, kisha hupanga atomu moja moja ndani ya ramani hiyo. Mwisho wa safari ni orodha: atomu fulani, namba tatu za mahali ilipo, atomu inayofuata, namba tatu nyingine. John Kendrew na Max Perutz walipewa Nobel mwaka 1962 kwa kulifanya hilo kwa myoglobini na hemoglobini. Perutz alikuwa ameianza kazi yake kabla ya Vita vya Pili vya Dunia.

Makala za enzi hizo zilibeba picha ya umbo na maelezo yake. Picha ya namna hiyo haipimiki. Aliyetaka kujua umbali kati ya atomu mbili, au kulinganisha protini yake na ya mwenzake, alihitaji orodha, na orodha ilikuwa rundo la kadi zilizotobolewa matundu, limekaa kwenye droo ya mtu. Njia ya kulifikia ilikuwa barua. Ukibahatika, barua ilimkuta mwenyewe, naye akawa na nafasi na moyo wa kukunakilia. Usipobahatika, mwanafunzi aliyefanya kazi ile alishaondoka na hakuna aliyebaki anayejua rundo lipi ni la mwisho.

Yeyote aliyewahi kurithi kompyuta ya maabara na kukuta mafaili manne yote yakiitwa "ya mwisho" anajua kwamba droo ile haijafungwa. Timothy Vines na wenzake waliwahi kufuatilia makala 516 za baiolojia, zenye umri kati ya miaka 2 na 22, wakiwaandikia waandishi kuomba data zilizo nyuma yake. Matokeo yao, yaliyotoka mwishoni mwa 2013, yalionyesha kwamba kwa makala ambazo hali ya data ilijulikana, uwiano wa data kuwepo dhidi ya kutokuwepo ulishuka kwa asilimia 17 kwa kila mwaka wa umri wa makala. Anwani za barua pepe zilikuwa zimekufa. Data nyingine zilikuwepo, ila kwenye diski ambazo mwenye nazo hana tena mashine ya kuzisoma. Ile sentensi tunayoiandika mwishoni mwa makala, kwamba data zitapatikana kwa kuomba, huandikwa na mtu mmoja na hutakiwa kutimizwa na mwingine ambaye hajaajiriwa bado.

Mwaka huo wa 1971, Juni, wataalamu wa maumbo ya protini walikutana katika kituo cha utafiti cha Cold Spring Harbor, jimbo la New York, na wakalijadili tatizo hili. Walter Hamilton wa Brookhaven alijitolea maabara yake ipokee data. Cambridge palikuwa na Olga Kennard, ambaye tangu 1965 alikuwa akiendesha kituo cha kutunza data za fuwele za molekuli ndogo, kwa hiyo uzoefu ulikuwepo. Hamilton alifariki mwaka 1973, miaka miwili tu baada ya tangazo, na mwenzake Tom Koetzle akaishika kazi. Nalitaja hili kwa sababu akiba nyingi za data hufa na aliyezianzisha. Hii ilikuwa tayari na mahali pa kukaa, na taasisi mbili ng'ambo mbili za bahari zilizotangaza kwa pamoja kwamba zinaihusu.

Safu themanini

Kadi ya matundu ilikuwa na safu 80, basi kila mstari wa faili la PDB ukawa na nafasi 80. Jina la atomu hapa, namba yake pale, mahali ilipo katika nafasi zile, hakuna kuhama. Nakala zilitumwa kwa posta kwenye kanda za sumaku.

Leo fomati hiyo huchekwa, lakini tazama ilichowezesha. Mtu aliyeandika programu fupi ya kupima umbali ndani ya myoglobini aliweza kuipa faili la protini nyingine kabisa, lililotoka maabara asiyoijua, na ikafanya kazi bila kubadilishwa herufi. Hakuhitaji kumwandikia mtu kuuliza safu ya tatu inamaanisha nini na kipimo chake ni kipi. Kutumika tena kwa data kulianzia kwenye fomu ngumu isiyompa mjazaji hiari. Ningependa wanaobuni mifumo ya maabara wakumbuke hili kila wanapoongeza kisanduku cha "maelezo mengine", maana humo ndimo kila mtu humwaga anachojisikia, kwa lugha yake, na hakuna programu itakayokisoma.

Gharama yake ilikuja baadaye. Namba ya atomu ilipewa nafasi tano, kwa hiyo faili halikuweza kuvuka atomu 99,999. Jina la kila mnyororo lilipewa nafasi moja tu. Miaka ya 1970 hakuna aliyeota kitu kikubwa namna hiyo, lakini ribosomu, yaani mitambo ya seli inayotengeneza protini, zilipopimwa zilibidi zikatwe vipande na kuwekwa katika mafaili kadhaa, mtumiaji aziunge mwenyewe. Fomati mpya, mmCIF, ambamo kila thamani hubeba jina lililofafanuliwa katika kamusi ya pamoja, ilikuwa na kamusi yake tangu 1997. Ilichukua hadi 2014 kuwa fomati kuu ya benki, na hapo ndipo vipande vya ribosomu vilipounganishwa. Wapimaji kwa fuwele walilazimishwa kuitumia wanapoweka data mwaka 2019. Miaka ishirini na ushee! Sababu haikuwa uzembe. Kila maabara ilikuwa na programu zake zilizozoea safu 80, nyingine zimeandikwa na watu waliokwishastaafu.

Hata hivyo, nikilazimika kuchagua, nachagua fomu mbovu iliyoanza mapema. Kamati ambazo hutaka kwanza zikubaliane juu ya kila neno la metadata, yaani maelezo yanayoambatana na data, kabla ya kupokea faili hata moja huishia na hati ndefu na ghala tupu.

Nani amsubiri nani

Katika miaka ya mwanzo, kuweka amana kulikuwa hiari. Wengine waliweka. Wengine walichapa makala, wakapata sifa, na orodha wakabaki nayo. Ni rahisi kuwaita wachoyo, nami sitafanya hivyo. Mtafiti aliyetumia miaka kuipata protini moja alijua kwamba siku atakapoitoa orodha, maabara yenye kompyuta kubwa zaidi itaichambua kwa wiki chache na kuchapa yale aliyokuwa amepanga kuyachapa mwakani. Mwanafunzi wake alikuwa bado hajamaliza shahada. Kampuni za dawa nazo zilikuwa na sababu zao. Mfumo wa sifa ulimlipa aliyechapa makala, wala haukuwa na malipo yoyote kwa aliyetoa orodha. Ukimtaka mtu wa namna hiyo atoe amana kwa kumhubiria, utapata makofi ukumbini na droo iliyofungwa.

Msukumo ulitoka kwa wenye data wenyewe. Mwaka 1987 Fred Richards wa Chuo Kikuu cha Yale alizungusha barua miongoni mwa wataalamu wa fani, ikidai kwamba anayechapa umbo la protini awajibike kuweka orodha yake benki. Mwaka 1989 Muungano wa Kimataifa wa Kristalografia, yaani elimu ya fuwele, ukatoa mwongozo. Anayechapa aweke data, lakini akitaka, orodha ya atomu ifungwe hadi mwaka mmoja baada ya makala kutoka, na vipimo vya madoa hadi miaka minne.

Mwaka mmoja kwa jibu, miaka minne kwa vipimo. Wapenda uwazi wa leo wangeita huo usaliti. Kwangu hiyo ndiyo hatua ya busara kuliko zote katika kisa hiki. Mwongozo ulitenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa: kukabidhi na kufungua. Data zilitoka mikononi mwa mtafiti wakati makala inaandikwa, yaani wakati aliyefanya jaribio bado yupo, bado anakumbuka fuwele ilioteshwa kwenye asidi ya kiwango gani, na bado anaweza kujibu swali la mtunza data. Kufunguliwa kungeweza kungoja. Kwa hiyo hata aliyeogopa kunyang'anywa hakuwa na sababu ya kubaki na rundo lake, na benki haikulazimika kumtafuta miaka mitano baadaye ikimkuta amehama.

Kisha majarida na wafadhili wakaanza kuulazimisha mwongozo huo, na muda wa kungoja ukaliwa kidogo kidogo. Waandishi wengi walikuwa wakiutumia mwaka wao wote, jambo lililowachosha wasomaji. Mwaka 1998 majarida ya Nature na Science yalikubali kwamba orodha ya atomu ifunguliwe siku makala inapotoka. Hapo fani ilikuwa na takriban miaka tisa ya kuona kwamba aliyeweka amana haibiwi, na kwamba makala yenye data iliyo wazi hunukuliwa na watu asiowajua. Upinzani ulikuwepo, ila haukuwa tena wa watu wanaogopa kisichojulikana.

Linganisha na upande wa jenomu. Februari 1996, kisiwani Bermuda, viongozi wa mradi wa jenomu ya binadamu walikubaliana kwamba mfuatano mpya wa DNA utolewe hadharani ikiwezekana ndani ya saa 24. Hakukuwa na mwaka wa kungoja wala nini, na ilifanya kazi. Lakini ile ilikuwa kazi ya maabara chache kubwa, zinazolipwa na wafadhili walewale, kwa bidhaa moja iliyotoka mfululizo kama kiwandani. Fani ya maumbo ya protini ilikuwa ya vikundi vidogo vingi, kila kimoja na protini yake na hofu yake. Anayeandika sera ya data kwa ajili ya maabara ndogondogo akinakili ile ya Bermuda atakuwa amekosea kisa.

Jibu lisilo na hesabu

Mwanafunzi akiandika jibu sahihi bila hesabu, mwalimu mkali humnyima alama. PDB kwa muda mrefu ilipokea majibu bila hesabu. Orodha ya atomu ni jibu. Vipimo vya nguvu za madoa ndivyo hesabu. Mwongozo wa 1989 ulivitaka vyote viwili, lakini benki haikumkatalia aliyeleta orodha peke yake.

Mwaka 2001 maabara moja ya Marekani ilichapa umbo la protini ya bakteria inayosukuma vitu kupita kwenye utando wa seli, ikafuatisha mengine ya jamii hiyo. Yalikuwa maumbo ya kusisimua, yakachapwa katika majarida makubwa. Watafiti wengine waliokuwa na majaribio ya kibaiokemia yasiyokubaliana nayo walipata tabu kuwashawishi wahakiki. Mwaka 2006 kikundi cha Uswisi kilichapa umbo la protini ya ukoo uleule, na halikufanana. Maabara ya kwanza ikarudi kukagua, ikakuta kwamba programu ya ndani, iliyorithiwa kutoka kwingine, ilikuwa imebadilishana safu mbili za data. Ramani ya elektroni ikawa imegeuka kama taswira ya kwenye kioo, na atomu zikapangwa humo. Makala tano zilifutwa na waandishi wenyewe.

Safu mbili. Mtu anayetazama orodha ya atomu peke yake hana njia ya kulifikia kosa kama hilo, kwa sababu limekaa hatua kadhaa nyuma ya orodha. Kinachohitajika ni vipimo, pamoja na maelezo ya programu iliyovigeuza kuwa ramani. Hapa ndipo neno metadata, ambalo huwachosha watu wa maabara na mimi nikiwemo, linapopata uzito. Jina la programu na toleo lake linaonekana kama kujaza fomu kwa ajili ya kujaza fomu, mpaka siku inapobidi kujua ni maumbo yapi mengine yalipita kwenye programu ileile.

Mwaka huohuo wa 2006 lilichapwa umbo la C3b, protini ya kinga ya mwili. Safari hii vipimo vya madoa vilikuwa vimewekwa benki. Mwaka 2007 wataalamu wengine walivichukua, wakavipigia hesabu upya, wakasema havina alama ya maji ambayo lazima yawemo ndani ya fuwele yoyote ya protini, na kwamba molekuli zilivyopangwa zimeacha tabaka zisizogusana, kana kwamba fuwele inaelea. Uchunguzi wa chuo kikuu husika ulihitimisha mwaka 2009 kwamba umbo hilo na mengine kadhaa kwa uwezekano mkubwa yalitungwa au kughushiwa.

Kwa hiyo kosa la bahati mbaya liliishi miaka mitano, likafichuliwa na bahati ya umbo jingine kutokea. Kinachodhaniwa kuwa ghushi kilihojiwa ndani ya mwaka, kwa sababu hesabu ilikuwa mezani. Kuanzia tarehe 1 Februari 2008 benki ilikataa umbo la fuwele lisilo na vipimo vyake. Ilikuwa imepita miaka 36 na ushee tangu tangazo. Miaka iliyofuata yalianza kutolewa maripoti ya ukaguzi kwa kila umbo, ili msomaji asiye mtaalamu aone mara moja mahali ambapo atomu zimepangwa kwa kubahatisha.

Herufi nne na watu wasioonekana

Juu ya kupatikana sitakaa sana, maana upande huu ulikwenda sawa mapema. Kila umbo lina kitambulisho cha herufi na tarakimu nne, na majarida humtaka mwandishi akichape ndani ya makala. Msomaji wa mwaka wowote hukichukua, hukiingiza, hupata faili. Umbo likibadilishwa au kuondolewa, kitambulisho chake hakipewi umbo jingine. Tangu 2003 akiba inatunzwa na muungano wa kimataifa wenye vituo Marekani, Ulaya na Japani, wote wakigawa nakala ileile, na data zimetolewa kama mali ya umma, hakuna wa kuombwa ruhusa.

Lakini nyuma ya herufi hizo nne kuna watu wa kazi: watunza data wanaopokea kila amana, wanaolinganisha mfuatano wa protini na uliotajwa, wanaouliza kwa nini kipimo hiki hakilingani na kile, wanaorudisha fomu kwa mwenyewe. Mwaka 2007 benki ilitoa upya akiba yake yote baada ya kusawazisha majina ya atomu na kurekebisha makosa yaliyolimbikizana tangu enzi za kadi. Kazi kama hiyo haiandikiwi makala za kusisimua na ni ngumu kuiombea ruzuku. Kanuni za FAIR zilizochapwa 2016, zinazotaka data zipatikane, zifikike, ziingiliane na zitumike tena, ni orodha nzuri ya sifa za data iliyotunzwa. Kwenye maabara nyingi hugeuzwa orodha ya majukumu ya mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, ambaye tayari ana kazi.

Wageni ambao hakuna aliyewaalika

Tangu 1994 John Moult na wenzake huandaa, kila baada ya miaka miwili, mashindano yaitwayo CASP. Maabara zilizokwisha kupata umbo jipya hukubali kulificha kwa muda; washindani hupewa mfuatano wa protini peke yake na kutakiwa kubashiri umbo. Angalia jinsi kile kipindi cha kungoja, kilichoanza kama kifuta machozi kwa wenye hofu, kilivyogeuka kuwa kipimo cha haki: jibu lipo benki, limefungwa, hakuna wa kuchungulia.

Mwaka 2020 programu ya akili mnemba AlphaFold 2 iliwaacha washindani mbali. Ilifunzwa kwa maumbo ya PDB. Kuna jambo dogo ndani ya kazi hiyo ambalo huwa nalirudia kwa watu wanaolalamikia fomu. Wabunifu wake walifunza programu kwa maumbo yaliyofunguliwa kabla ya tarehe 30 Aprili 2018, ili waweze kuijaribu kwa yaliyokuja baadaye. Bila tarehe ya kufunguliwa kuandikwa kwa namna moja kwenye kila faili, wasingeweza kutenganisha alichofunzwa mwanafunzi na anachotahiniwa. Aliyeandika tarehe ile kwenye fomu hakuwa na mashine yoyote akilini. Tangu Julai 2022 ubashiri uliotolewa wazi umepita protini milioni 200, na miaka miwili baadaye Demis Hassabis na John Jumper wakagawana Nobel na David Baker, aliyetuzwa kwa kusanifu protini mpya kwa kompyuta.

Mfano mwingine ni mfupi. Tarehe 26 Januari 2020 watafiti wa China waliweka benki umbo la kimeng'enya kikuu cha virusi vipya vya korona, na tarehe 5 Februari likafunguliwa kwa jina 6LU7. Makala yao ilitoka katika Nature mwezi Aprili. Kwa miezi miwili kati ya hapo wasanifu wa dawa duniani walikuwa tayari wakilitumia. Miaka thelathini kabla, fani hiyohiyo ilikuwa ikijadiliana kufunga data mwaka mzima baada ya makala.

Ambayo benki haina

Kisa hiki kina mipaka ambayo wanaokinukuu huiruka. PDB hutunza kitu cha aina moja. Atomu ina mahali, na mahali ni namba tatu, iwe protini ya chura au ya bakteria. Maabara ya kawaida ina picha za hadubini, majedwali ya uzani wa panya, na grafu za mashine ambazo faili lake hufunguka kwa programu ya mtengenezaji tu. Hakuna kadi ya safu 80 itakayovibeba vyote. Ninachoona kinahamishika ni maafikiano yenyewe: kukabidhi mapema, kungoja kwa muda unaojulikana mwisho wake, na kukabidhi hesabu pamoja na jibu.

Hesabu yenyewe PDB haijaidai yote. Vipimo vya madoa vinavyolazimishwa tangu 2008 vimekwisha kuchakatwa. Picha zenye madoa, ambazo ndizo mashine ilizitoa, si sharti kuziweka, na ingawa zipo hifadhi nyingine zinazozipokea, nyingi zimebaki kwenye diski za maabara zilikopigwa.

Halafu kuna fuwele zilizokataa kuota. Kwa kila umbo lililomo benki kuna majaribio mengi yaliyoishia kwenye tope ndani ya kisahani, nayo hayana fomu, kitambulisho wala tarehe. Mpango wa Marekani ulioitwa Protein Structure Initiative, ulioendeshwa kati ya 2000 na 2015, uliwataka washiriki waandike maendeleo ya kila protini waliyoijaribu, hata zilizokwama njiani, katika daftari la wazi. Mpango ulikwisha, na baada yake daftari likaacha kupokea maingizo mapya.